Kura ya Eldoret na amani ya kuazima

 



Mama mmoja wa Kisauni ameniletea swali ambalo nimeona si haki kulijibu faraghani, kwa kuwa najua limo katika nyoyo za wengi. Binti yake ameolewa huku Eldoret, anakaa mtaa wa Huruma pamoja na mumewe na watoto watatu. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakaribia, na mama hajayasahau yaliyoupata mji huu mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Anauliza mambo mawili. La kwanza: je, amwite bintiye arudi Pwani na watoto mpaka kura ipite? La pili: mkwe wake amemwambia mkewe asijisumbue na siasa, kwamba siku ikifika atamtajia wa kumchagua. Je, hilo nalo limo katika utiifu wa mke kwa mumewe?

Maswali haya ni ndugu wa tumbo moja. Lote la kwanza na la pili linauliza kura ni mali ya nani, na usalama wa mtu hutoka wapi. Lakini hayajibiki vizuri mpaka tuujue mji wenyewe: unapigaje kura, na kwa nini unapiga hivyo. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa huku na kazi ya kusomesha, na miaka niliyokaa imenifunza kwamba sisi tulioko mbali tunauhukumu mji huu kwa habari za redio zaidi kuliko kwa maisha ya watu wake.

Chaguzi tano, vyama vitano

Mtu wa mbali husema kwamba Eldoret ni mji wa chama fulani. Historia haimuungi mkono. Mwaka 2002 wapigakura wengi wa sehemu hizi za Bonde la Ufa walikuwa na KANU, wakamchagua Uhuru Kenyatta, ilhali nchi ilimchagua Mwai Kibaki wa NARC. Mwaka 2007 walikuwa na ODM ya Raila Odinga. Mwaka 2013 walikuwa na URP, chama kilichoungana na TNA ya Uhuru Kenyatta kumkabili Raila yule yule. Mwaka 2017 wakawa na Jubilee. Mwaka 2022 wakawa na UDA, na mara hiyo Uhuru na Raila walikuwa upande mmoja, wao upande wa pili. Chaguzi tano, vyama vitano. Aliyekuwa rafiki akawa mpinzani, na mpinzani akawa rafiki, na kila mara kura nyingi zilikwenda kwa pamoja.

Basi ukiutafuta uzi unaoziunganisha kura hizo hutaupata katika chama wala katika sera. Utaupata kwa kiongozi. Mwaka 2002 aliyeonyesha njia alikuwa bado Rais Moi. Baada yake njia ilionyeshwa na William Ruto, ambaye aliingia Bungeni mwaka 1997 kwa kiti cha Eldoret Kaskazini, na ambaye ndiye Rais wa nchi tangu 2022. Alikohamia yeye, kura zilihamia. Chama kilikuwa mfano wa gari la kukodi: linabeba abiria mpaka mwisho wa safari, kisha hulipwa likaachwa.

Wala nisieleweke vibaya. Simcheki mtu. Mtindo huu ni wa Kenya nzima, na nitafika kwetu Pwani baadaye. Kwanza nataka tuulize sababu, kwa maana watu wenye akili zao, wakulima wa mahindi na ngano, wafugaji wanaojua bei ya maziwa kuliko waziri, hawawezi kufanya jambo moja miaka ishirini bila ya kuwa na sababu.

Shina la mambo ni ardhi

Nyanda hizi za Uasin Gishu zilikuwa malisho ya Wamaasai walioacha jina lao hapa, kisha ya Wanandi na ndugu zao. Serikali ya kikoloni ikazigawa kwa walowezi, wengi wao Makaburu waliokuja kutoka Afrika Kusini tangu 1908. Mji ulianza kwa posta iliyofunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na ndiyo maana mpaka leo utasikia watu wakiuita Sisibo. Jina la Eldoret lilitiwa 1912, na reli ikafika 1924. Waislamu nao walikuja kwa njia za kawaida za riziki: askari wa Kinubi na familia zao, wafanyabiashara wa Kisomali, wa Kihindi na wa Kiswahili, na baadaye wenyeji waliosilimu.

Walowezi walipoondoka baada ya uhuru, mashamba hayakurudi moja kwa moja kwa wale ambao babu zao walilisha mifugo hapo. Yaliuzwa. Kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi, vingi vya Wakikuyu, vilichanga fedha na kununua. Waluhya waliokuwa wafanyakazi wa mashamba nao wakatafuta pa kukaa. Hivyo pande mbili zikabaki na haki mbili zinazogongana. Mmoja anasema: hapa ni kwa babu yangu, niliporwa. Mwingine anasema: hapa ni pangu, nina hati na nimelipa kwa jasho langu. Hakuna kati yao anayesema uongo, na hiyo ndiyo taabu yenyewe.

Mahali kama hapo kura haibaki kuwa kura. Inakuwa swali: nani atakayelinda shamba langu? Mtu mwenye hofu hatafuti sera, hutafuta kivuli. Na mti mkubwa hutoa kivuli kikubwa. Huyu anamfuata kiongozi wa kabila lake kwa sababu anaogopa kunyang'anywa, na yule anamfuata wa kwake kwa sababu anaogopa kufukuzwa. Mnapowaona wote wamepanga foleni asubuhi ya kura, kila mmoja ameshika kitambulisho kwa mkono mmoja na hofu yake kwa mkono wa pili.

Amani ya kuazima

Hofu hiyo haikutoka hewani. Oktoba 1991, nchi ilipokuwa inakaribia kurudi katika vyama vingi, machafuko yalizuka kwenye shamba la Meteitei huko Nandi, yakaenea na kufika Burnt Forest katika barabara ya Nakuru. Mwaka 2007 kura zilipigwa Desemba 27, na matokeo ya urais yalipotangazwa nchi ikawaka. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukageuka kambi ya maelfu waliopoteza makazi. Nchini kote waliouawa walizidi 1,100, mpaka viongozi wakuu walipotia saini mkataba Februari 28, 2008, kwa usuluhishi wa Kofi Annan.

Akina mama, ninyi mnajua yasiyoandikwa katika ripoti. Siku kama hizo wanaume hujadili matokeo, na wanawake huhesabu watoto.

Kisha mwaka 2013 Eldoret ilipiga kura kwa utulivu, na wengi wakasema mji umepona. Je, ulikuwa umepona? Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao jamii zao zilikuwa zimepigana, walikuwa wote wanakabiliwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Wakaungana. Viongozi walipopeana mikono, majirani wakapumua. Jirani wa Kikuyu na jirani wa Kikalenjin walijikuta katika mkutano mmoja wa kampeni, wamevaa kofia za rangi mbili za muungano mmoja. Mwaka 2017 ikawa hivyo hivyo. Mwaka 2022, ijapokuwa Uhuru alikuwa amekwenda upande mwingine, Naibu wa Rais alikuwa Rigathi Gachagua kutoka Mlima Kenya, na mji ukatulia tena.

Alhamdulillahi kwa kila mwaka wa utulivu. Lakini tuite kitu kwa jina lake. Hiyo ilikuwa amani ya kuazima. Mwenye nayo ni mkubwa wa juu, na sisi wa chini tumeazimwa tuitumie maadamu yeye na mwenzake wanaelewana. Cha kuazima hudaiwa. Oktoba 2024 Baraza la Seneti lilimwondoa Gachagua madarakani, na ule mkono uliopeanwa ukaachana. Hapo ndipo mama wa Kisauni alipoanza kukosa usingizi, na sina budi kusema kwamba hofu yake ina msingi. Lililobaki ni kuuliza kama majirani wa Eldoret wamejijengea amani yao wenyewe katika miaka hii, isiyongoja wakubwa wapatane.

Mji si mmoja

Hapa nataka niwaonyeshe upande ambao redio haziutangazi. Kura ya urais huku huenda kwa wingi upande mmoja, ni kweli. Lakini shukeni chini kwenye viti vya karibu, mtaona watu wanaochagua kwa macho makavu. Mwaka 2022 Jonathan Bii, anayejulikana kwa lakabu ya Koti Moja, alipata tiketi ya UDA katika kura za mchujo, akawa gavana. Na mwaka 2017, gavana Jackson Mandago alikabiliwa na mgombea huru, Zedekiah Bundotich maarufu Buzeki, katika ushindani uliogawanya wafuasi wa Rais mmoja na chama kimoja. Kwa hiyo mchuano upo, na ni mkali. Ila aghalabu unafanyika Aprili katika mchujo wa chama, si Agosti kwenye uchaguzi mkuu. Asiyefuatilia Aprili hukuta Agosti mambo mengi yamekwisha amuliwa.

Wenyeji hao hao huwadai viongozi wao hesabu. Mwaka 2023 wazazi waliolipa fedha watoto wao wapelekwe kusoma Finland kwa mpango wa kaunti waliandamana katika barabara za Eldoret kuuliza fedha zao ziko wapi, na jambo likafika mahakamani. Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijaza barabara za mji huu huu unaoitwa ngome ya Rais. Miezi miwili baadaye, Agosti 15, 2024, Rais alikuja kuukabidhi mji hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Mji ulishangilia jiji lake, na wala haukufuta madai yake.

Wala si jambo geni. Mwaka 1974 watu wa Eldoret Kaskazini walimpeleka Bungeni binti ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini, Chelagat Mutai. Alisimama na wakulima wadogo katika mambo ya ardhi, akafungwa 1976, akatoka, na mwaka 1979 wakamchagua tena. Mwaka 1981 alilazimika kukimbilia Tanzania. Mwaka 2017 kaunti hii ya Uasin Gishu ilimchagua Margaret Kamar kuwa seneta, katika wanawake watatu wa mwanzo kabisa kuchaguliwa kwa kura kuingia Seneti ya Kenya. Mmoja wa wenzake wawili alikuwa dada yetu Fatuma Dullo wa Isiolo. Basi asiwadanganye mtu kwamba mji huu haujui kupima mtu kwa kazi yake.

Lakini nisifiche upande mwingine. Mwaka 2016 viongozi wa hapa waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kumpinga kaimu naibu chansela kwa sababu hakuwa wa jamii ya wenyeji. Watu wale wale, mji ule ule. Hofu ikiguswa, kipimo cha kazi huwekwa kando na kipimo cha nasaba kikachukuliwa.

Somo la kura ya maoni

Kuna kura moja ambayo kwetu Waislamu ina mafunzo kuliko zote. Agosti 4, 2010 Wakenya waliulizwa kama wanaikubali katiba mpya. Makanisa mengi yaliipinga, na moja ya sababu zao kubwa ilikuwa kutajwa kwa Mahakama za Kadhi. William Ruto aliongoza upande wa kukataa, hoja yake kubwa ikiwa ardhi. Uasin Gishu ikakataa kwa kura nyingi. Pwani ikakubali, na nchi ikakubali kwa kura zaidi ya milioni 6.

Nini kikafuata hapa Eldoret? Walioshindwa walirudi mashambani kwao. Hakuna nyumba iliyochomwa. Katiba ikatangazwa Agosti 27. Na leo katika mji huu, ambao wengi wa watu wake walisema la, Mahakama ya Kadhi ipo na inafanya kazi. Mwanamke wa Kiislamu anaingia na kesi ya ndoa, ya talaka au ya mirathi, anasikilizwa chini ya Kifungu cha 170. Askari anayemfungulia lango huenda alipiga kura ya kukataa, na anamwambia: karibu mama.

Ikiwa mji huu ulishindwa mwaka 2010 na ukalala kwa amani, basi maneno kwamba watu wa huku hawawezi kushindwa bila ya kumwaga damu ni maneno ya kuwasingizia. Damu haimwagwi na kura. Humwagwa na watu waliotayarishwa kabla ya kura, kwa maneno na kwa fedha, na wakubwa wanaojua watafaidi nini.

Tujitazame na sisi

Mtu wa Pwani asome haya kwa unyenyekevu. Agosti 1997 ilikuwa Likoni, si Eldoret. Waliovamiwa na kuuawa na kufukuzwa walikuwa watu wa bara waliokaa kwetu miaka mingi, na ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Sisi nasi tuna ardhi iliyoporwa, tuna maskwota katika mashamba ya babu zao, na tuna wanasiasa wanaojua kuipuliza hofu hiyo kila mwaka wa tano. Na kura yetu ya urais nayo imeelekea upande mmoja mara nyingi.

Tena tuna aibu yetu ya peke yetu. Mwaka 2022 katika kaunti ya Mombasa waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa. Tofauti kati ya mshindi na wa pili nchini kote ilikuwa kura 233,211. Waliobaki nyumbani Mombasa peke yake walikuwa wengi kuliko hao. Sisemi haya kwa kumpendelea yeyote kati ya wawili wale. Nasema kwamba watu wa Uasin Gishu, tunaowaona wanafuata mkumbo, huamka alfajiri wakapanga foleni. Sisi tunaojiona huru hubaki barazani tukinywa kahawa na kulalamika.

Jibu la swali la kwanza

Sasa nimgeukie mama yetu. Je, binti arudi Pwani?

Kujihadhari si udhaifu wa imani. Ikiwa ishara za hatari zitaonekana wazi, kama vile vikaratasi vya vitisho, nyumba kutiwa alama, au majirani wenyewe kuhama, basi kumwondoa mtoto mahali pa hatari ni wajibu wa mzazi, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kuondoka kwa desturi, kila baada ya miaka mitano, kabla ya kuona lolote, kuna madhara yake. Familia inayofunga mlango na kupanda basi wiki moja kabla ya kura inamwambia jirani: sikuamini. Jirani husikia. Na inayoondoka kila mara haijengi kamwe kile ambacho kingeiokoa siku ya siku, nacho ni mtu wa mlango wa pili ambaye atasema, "Hawa ni watu wangu, hamwaguzi."

Kwa hiyo nashauri hivi. Binti ajiandikishe kupiga kura hapo anapokaa, si Kisauni. Tuwe wakweli: zahanati anayompeleka mtoto, shule ya chekechea, maji ya bomba na taa za mtaani viko chini ya kaunti ya Uasin Gishu. Mwakilishi wadi wa Kisauni hatamtengenezea mfereji wa Huruma. Siku ya kura atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Wanasiasa huku husisitiza mtu apige suti nzima, yaani zote sita kwa chama kimoja. Hilo ni ombi lao, si sheria. Mwenye akili huipima kila karatasi peke yake.

Tena aijenge amani yake isiyo ya kuazima. Amjue jirani kwa jina, amtembelee akifiwa, amgawie futari Ramadhani hata kama si Muislamu. Awe katika chama cha akina mama cha mtaa, kisiwe cha kabila moja wala dini moja. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat Al-Hujurat kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Mji uliokaa pamoja miaka sitini bila ya kujuana haujaitumia neema hiyo.

Jibu la swali la pili

Na mume anayetaka kumtajia mkewe wa kumchagua? Nasema bila ya kuzunguka: hana haki hiyo.

Kura ni ushahidi. Anayemchagua mtu anashuhudia kwamba huyu anafaa kuaminiwa mali ya umma na maisha ya watu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na uadilifu katika ushahidi, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Ikiwa mtoto hatoi ushahidi wa uongo kwa ajili ya baba, mke atautoaje kwa ajili ya mume? Na asiyemjua mgombea, akamchagua kwa kuwa tu ametajiwa, ameshuhudia asichokijua.

Wanawake waumini walimpa Mtume bay'a yao wenyewe, kama ilivyo katika Surat Al-Mumtahana. Hawakuhesabiwa ndani ya bay'a za waume zao. Na siku ya Hudaybiyya, masahaba walipoingiwa na simanzi, Mtume alipokea rai ya mkewe Ummu Salama, na kwa rai hiyo mambo yakatengenea. Mke na mume washauriane, ndiyo. Wabishane kwa adabu mezani, watoto wasikie kwamba watu wanaopendana wanaweza kutofautiana. Kisha kila mmoja aingie kwenye kibanda cha kura na Mola wake.

Sheria ya nchi nayo iko hivyo. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura ya siri, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inahesabu kumlazimisha mtu kwa vitisho kuwa ni kosa. Wazee wenzangu wanakumbuka mlolongo wa 1988, tulipopanga mistari nyuma ya wagombea, na kila mtu akaona jirani yake amesimama wapi. Nchi iliuacha mtindo ule kwa kuwa mtu hakuweza kuwa mkweli mbele ya macho ya mkubwa wake. Mume anayemdai mkewe kura yake amemrudisha kwenye mlolongo, ndani ya nyumba yake.

Neno kwa misikiti na kwa nyumba

Waislamu wa Eldoret ni wachache katika mji ambao sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 475,000. Katika safu moja ya sala ya Ijumaa husimama Mnubi, Msomali, Mluhya, Mkalenjin, Mswahili na mwenye asili ya Bara Hindi, bega kwa bega. Hiyo ni hazina ambayo mji mzima unaihitaji. Kwa hiyo, ndugu zangu maimamu na kamati za misikiti, tuilinde. Mgombea akija na mazulia na magunia ya mchele, apokewe kama mgeni, asipewe mimbari. Siku tutakapomtangaza mgombea mmoja kutoka mihirabuni, safu ile itakatika, na jirani wasio Waislamu watatuhesabu kuwa kabila jingine katika ugomvi wa makabila.

Na kwa nyumba zetu, za Pwani na za bara: kataeni leso, unga na pesa za simu zinazonunua kura. Mtume amemlaani mtoaji wa rushwa na mpokeaji wake. Msisambaze ujumbe wa chuki katika makundi ya simu, hata kwa kusema "nimetumiwa tu". Na wafundisheni watoto kwamba jirani atakuwa jirani Agosti 8, na Agosti 10, na Agosti 12, na miaka mitano baada yake, wakati aliyechaguliwa hata jina la mtaa amelisahau.

Juma lijalo, inshaallah, nitajibu maswali matatu kuhusu mirathi ya mjane asiye na watoto. Wenye maswali mengine wayapeleke kwa mhariri kabla ya Jumatano.

Mwenyezi Mungu aujaalie mji wa Eldoret na miji yetu yote amani iliyo mali ya wakaao humo, na atupe viongozi wanaomcha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.